Sufuria ya Pembe

Kina mama wa Kosele, habari za mchana. Mwenyekiti wenu aliniomba nishuhudie kwa upole. Upole nimeuacha nyumbani. Jina la mtu sitalitaja, lakini naona wengine wameshaanza kukagua viatu vyao, na hata sijaanza.

Mume wangu alipofariki nilienda Osiri kuponda mawe ya dhahabu. Dhahabu ilikuwa ya wenye mashimo, langu lilikuwa vumbi. Nilikohoa mpaka daktari kule Migori akaniambia waziwazi, "Mama, ukirudi kwa hayo mawe, utaletwa nyumbani ndani ya jeneza." Nilikuwa nimeshapita hamsini. Nani anaajiri nyanya anayekohoa?

Jirani yangu wa chumba kule, mama mmoja Mkuria, alikuwa anatengeneza bangili na herini kwa pembe za ng'ombe. Akanionyesha. Pembe unaichemsha mpaka kiini cha ndani kiachie, unakata, unasugua na msasa. Kwa sababu ya kifua changu alinifundisha kusugua ndani ya karai la maji, vumbi lisiruke. Niliharibu pembe nyingi sana. Yeye anacheka tu, "Wewe bado unaponda mawe!"

Basi nikarudi bomani kwa marehemu, hapa karibu. Mwenye buchari akawa ananiwekea pembe, nami naziinjika nyuma ya nyumba. Ndugu zangu, nawaambia, pembe ikichemka inanuka. Hilo nakubali. Lakini nani kati yenu aliniuliza, mama, unapika nini? Mmeona mjane, pembe na moshi, mkajipa jibu wenyewe. Mkasema mimi ni jajuok. Mchawi! Mimi niliyeimba kwaya na nyinyi!

Hamkunipiga. Mliacha kula kwangu, na hiyo ni mbaya zaidi. Siku ya kumkumbuka mzee wangu nilipika kuku, nikapika samaki, nikasonga ugali wa mtama wa kutosha kijiji. Mlikuja, mkaomba, halafu mkasema mmeshiba. Wote! Hata wale ninaojua huwa hawashibi. Chakula cha mume wangu kililiwa na mbwa. Niliwachukia siku hiyo, na wengine sijamaliza kuwachukia.

Halafu shemeji yangu mmoja akaja na kundi, wengine wenu mkiwemo, pamoja na naibu wa chifu. Wanataka nihame boma.

"Mwaga hiyo dawa," shemeji akasema, akionyesha sufuria ya pembe iliyokuwa ikichemka.

"Shem, tia mkono uitoe mwenyewe."

Akarudi nyuma. Mwanaume mzima! Nikatoa pembe moja kwa koleo, nikaiacha ipoe, nikaketi chini. Nikakata. Nikasugua kwenye karai, polepole makusudi, mkiwa mmesimama na jua lile. Nikatoboa, nikatia waya, nikaning'iniza sikioni. Hakuna aliyekohoa, hata mimi.

Naibu wa chifu akamgeukia shemeji. "Yaani mmenitoa ofisini nije kuangalia herini?" Akapanda pikipiki yake akaenda.

Hapo ndipo nilipopona, kina mama. Sikuhama. Msamaha hakuna aliyeniomba, lakini wiki iliyofuata mmoja wenu alituma mtu aulize kama ninazo za rangi nyeusi. Leo kazi yangu inavaliwa Migori na Homa Bay, na masikio mengine yamo humu ndani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mama Mkuria, ambaye hakuwa ndugu wala mkwe. Namshukuru mwenye buchari, aliyeambiwa asiniuzie akakataa. Humu ndani sina wa kumshukuru.

Somo langu: mtu akifanya kazi usiyoielewa, muulize. Mdomo wa kuuliza mnao, nimeusikia ukifanya kazi nyingine.

Sasa mnataka nifundishe binti zenu. Nitawafundisha, wao hawana kosa. Ila Jumapili nitapika. Kila mama aje na binti yake, aketi mezani kwangu, anawe mikono, ale nikimwangalia. Atakayeniambia ameshiba, arudi kwake na mtoto wake.