Kitabu Chenye Madoa

Basi letu la Minneapolis lilikuwa limesimama kwenye foleni. Mama mmoja alikuwa amepakata kimlango cha mbao chenye kioo kilichopasuka. Mzee aliyeketi kando yake akamuuliza ni cha nini.

"Cha kisanduku cha vitabu vya bure, pale kona ya kanisa. Mimi ndiye ninayekitunza. Jana nilikisafisha, visivyofaa nikavitia kwenye pipa la karatasi kuukuu. Watu wamekigeuza jalala, mzee wangu! Vitabu vya kompyuta za kale, vya mapishi vilivyojaa madoa ya mafuta..."

"Kitabu cha mapishi kisicho na madoa ni cha mvivu, mama."

"Basi mchapakazi abaki nacho kwake!"

Mimi mwenyewe nimewahi kutupia humo kamusi isiyo na jalada.

"Hapo hapo ndipo nilipoweka kitabu cha mapishi cha marehemu mke wangu Ardis," mzee akasema. "Pembeni kaandika kwa mkono wake: punguza chumvi, Verlyn ana presha. Verlyn ndiye mimi." Akacheka. "Leo alfajiri nimepita, hakipo! Kuna mtu mtaani anapika, mama."

Mama akaacha kufuta kioo. "Lori la karatasi kuukuu leo linapita saa ngapi?"

"Saa tatu. Kwani vipi?"

Mama alimpigia dereva kelele amfungulie, akashuka, akakimbia kurudi tulikotoka.

"Kasahau mlango wake," mzee akaniambia, akaupakata yeye. "Sasa ni saa ngapi?"

Ilikuwa saa tatu na robo. Nikavuta mkono wa koti, nikaifunika saa yangu.