Mama Kete na Somo Lisilo na Mtihani

Mwezi uliopita, nikitoka uwanja wa ndege na begi begani, niliingia kwa mara ya kwanza katika chuo alichofundisha dada yangu. Nikapotea. Bawabu akacheka: "Unamtafuta Mama Kete? Yuko hospitali, mzee wangu. Lakini darasa lake lipo. Fuata kelele."

Marehemu dada yangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1981 akapata shahada ya sayansi ya siasa. Alianza kufundisha chuoni mwaka 1984.

Wanafunzi wake hawakukariri. Walibuni michezo ya mezani kuhusu uchaguzi, bunge na mapinduzi. Mwaka mmoja, kundi moja lilisahau kuandika kanuni ya kumtoa rais. Aliyekalia kiti akagoma.

"Wewe, umekaa tangu saa tatu!"

"Nionyesheni kanuni inayosema niondoke."

Mama Kete alicheka mpaka machozi. "Hapo mmejifunza kuliko kwenye vitabu vyangu vyote. Haya, rudini mkaandike katiba."

Mwaka 1987 alipeleka michoro ya kete kwa seremala.

"Za watoto hizi, dada?"

"Za mawaziri."

"Basi nitazipa kitako kipana, zisianguke ovyo."

Walioana tarehe 5 Desemba mwaka huohuo.

Januari 2023 aligundulika ana saratani ya kongosho. Maumivu aliyavumilia. Kilichomnyima usingizi ni habari kwamba idara inataka kulifuta somo lake, kwa sababu halina mtihani wa kuandika. Jumanne, tarehe 7 Mei 2024, mkuu wa idara aliingia wodini akihema.

"Limepita, Mama. Somo linabaki."

"Na mtihani?"

"Hakuna mtihani. Wataendelea kubuni michezo."

"Afadhali," alisema, akaomba mto ushushwe. Alilala fofofo, usingizi ambao hatukuwa tumeuona kwa miezi. Aliaga dunia Alhamisi, saa nne asubuhi, uso umetulia. Tunalia, ndiyo, lakini tumeshusha pumzi.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mimi mdogo wake. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa naondoka, yeye akinisindikiza hadi getini. Leo namsindikiza yeye. Nenda kapumzike, dada. Sisi tunabaki.