Nta ya Tumboni

Asubuhi hiyo benchi letu, lile la chini ya dirisha la kahawa la Bi Verna, lilikuwa limechafuka. Magoti alikuwa amefika wa kwanza, na akifika wa kwanza ujue kuna ugomvi. Tunamwita Magoti kwa sababu ya manundu mawili aliyoyapata kwa kupiga magoti juu ya ubao wa kupanda mawimbi tangu kabla ya vita, akipiga maji kwa mikono kwenda kusubiri wimbi. Kulia kwake alikaa Profesa, aliyesoma chuo muhula mmoja na mpaka leo hajatusamehe. Kushoto Redio, ambaye hana kitufe cha kuzima. Mimi wananiita Soksi, na sababu usiniulize. Na katikati yetu, mahali pa kukaa mtu, ilikaa santuri mpya ya Lyle na Emmett, vijana wetu wa hapahapa Punta Sola, imetoka Los Angeles wiki ileile, na juu ya jalada lake kuna aibu.

— Tazama, alisema Magoti akinisukumia jalada usoni. Wewe una macho, tazama!

Nikatazama. Vijana wamesimama mchangani, mashati yao ya mistari yanafanana, meno yote nje. Ubao wameusimamisha katikati yao, tumbo lake, ule upande wa kulalia maji, limemwelekea mpiga picha. Na tumbo zima, kuanzia puani mpaka kwenye pezi la nyuma, limepakwa nta.

— Wamepaka nta chini, nikasema.

— Chini! Sema tena, wasikie mpaka gatini!

— Nta ni ya juu, alisema Redio, kama vile kuna mtu amebisha. Nta ni ya miguu isiteleze. Chini unampakia nani? Samaki?

— Na nyuma wameandika nini? Soma, Profesa.

Profesa akavaa miwani.

— "Wana halisi wa mawimbi ya Punta Sola."

— Halisi! Magoti alipiga benchi, vikombe vikaruka. Wale jamaa wa ng'ambo ya rasi wameshalibandika jalada hilo kwenye mlango wa choo chao. Jana nimepita na ubao wangu, mtoto wa juzijuzi tu ananiuliza, "Mzee, leo umepaka upande gani?" Mimi! Miaka yote hii majini, naulizwa upande!

Dirishani Bi Verna alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kukauka zamani.

— Huyo wa kushoto kwenye picha nimemzaa mimi, alisema. Nawakumbusha tu.

— Bi Verna, hatumsemi mtoto wako. Tunausema ubao.

— Mnausema tangu nifungue dirisha. Nami nimewauliza jambo moja tangu nifungue dirisha. Jumamosi wanaimba ukumbi wa maveterani. Yule bwana wa kampuni ya santuri anakuja kuona kama kwao wanakubalika. Ukumbi ukiwa mtupu, hakuna santuri ya pili, na Lyle anarudi kwenye visima vya mafuta kama baba yake. Mnakuja, hamji?

Kila mtu alikumbuka kahawa yake. Tusidanganyane: benchi hili lisipokwenda mahali, nusu ya mji haiendi. Na jibu tulikuwa tumekwisha kulipitisha kabla hajafungua dirisha. Haendi mtu.

— Mimi ningekwenda, alisema Redio, lakini umesikia wanavyoimba? Wanacheka! Katikati ya wimbo, mmoja anasema "angalia wimbi," mwingine anajibu "wacha linione kwanza," halafu wanacheka! Na watu wamelipia!

— Hilo ndilo linalonikera kuliko nta, alisema Magoti. Bahari imenivunja bega mara mbili, pua mara moja. Halafu watoto wanaiimba kama wanakwenda kununua aiskrimu.

Na mimi, nakiri, wimbo ule nilikuwa nimeuamkia asubuhi ile, mguu wangu unacheza wenyewe chini ya blanketi.

— Tusiwe wajinga, alisema Profesa, akivua miwani, dalili mbaya hiyo. Hii nta si bahati mbaya. Mpiga picha katoka wapi?

— Los Angeles.

— Na mke wake?

— Tutajuaje mke wake, Profesa?

— Katoka ng'ambo ya rasi! Lazima. Wametumwa. Miaka mitatu tunawashinda kwenye mashindano, wakashindwa majini, wakaona watumalize dukani.

— Unajua una akili, alisema Magoti.

— Mna akili za kuku, alisema Redio. Mawazo yenu yanaishia kwenye rasi! Hebu fikirini kubwa. Hii santuri inauzwa mpaka Nebraska. Kijana wa Nebraska hajawahi kuiona bahari. Ananunua ubao, anatazama jalada, anapaka nta chini. Anakuja huku. Anaingia majini. Kinatokea nini?

— Anateleza.

— Anateleza! Anajipasua kichwa! Sasa zidisha kwa vijana wote wa Nebraska, na Kansas, na Iowa. Jeshi litaandikisha nani? Nani atabaki? Na nani juzijuzi tu alikuwa anatuwekea makombora pale Kuba?

— Warusi? nikauliza.

— Mimi sijasema. Wewe umesema.

— Warusi wamempaka mtoto wangu nta, alisema Bi Verna. Haya.

— Bi Verna, unacheka, lakini pezi la ubao na pezi la nyambizi...

— Redio, kunywa kahawa.

Akanywa. Lakini Redio hata akinywa haachi.

— Halafu wale wawili tangu zamani walikuwa na dalili. Mnakumbuka walipokuwa wadogo? Wanakuja na kile kibao chao kizito kama mlango wa ghala, mmoja mbele, mmoja nyuma, na wanaimba! Tuko nje kule, tumekaa juu ya mbao, tunasubiri wimbi, kimya, mtu unasikia hata pumzi yako. Mara sauti mbili, moja juu moja chini!

Hapo hata Magoti alicheka. Maana ndiyo desturi ya hapa: wimbi linasubiriwa kimya. Hata chafya unaomba radhi.

— Niliwafukuza mwenyewe, alisema Magoti. Nikawaambia, "Nendeni mkaimbe nchi kavu, wapumbavu nyinyi!"

— Mimi kesho yake, nikasema.

— Mimi niliwageuzia kibao chao, alisema Profesa. Wakarudi wanakohoa.

— Kila wakija, tunawarudisha, alisema Magoti. Mpaka wakaacha kuja. Wakawa wanakaa pale kwenye ngazi za gati, miguu inaning'inia, wanaimba zao huko.

— Raha tupu ilirudi majini, alisema Redio.

Tulicheka sana. Bi Verna hakucheka. Alikishika kile kikombe kikavu, akakiweka, akakishika tena.

Hapo ndipo lilipopaki gari lililojaa vumbi la bara, na mwanamume mmoja akashuka amevaa viatu vya ngozi na tai. Alikuwa na santuri ileile kwapani. Alisalimia kwa adabu, akajitambulisha: Clifford Amdahl, anauza matrekta huko Bakersfield. Binti yake yuko kitandani na mguu uliofungwa plasta, anaipiga santuri hiyo asubuhi mpaka jioni, na baba amekuja kuuliza vijana wanapatikana wapi, waweke sahihi.

— Umepotea, bwana, alisema Magoti. Hapa tunapanda mawimbi kweli. Wale hawajui hata nta inapakwa wapi.

Akamwonyesha jalada, akamweleza. Mgeni alisikiliza kwa makini, kama mtu anayeelezwa habari za injini. Akaligeuza jalada, akasoma nyuma, akaligeuza tena.

— Hapa wameandika wamezaliwa hapa.

— Wamezaliwa hapa.

— Na wakakulia hapa.

— Mtaa wa nyuma ya reli. Dakika tano.

— Na watoto wa hapa, kupanda mawimbi hufundishwa na nani?

— Na sisi, alisema Magoti, akivuta kifua. Kila mtoto unayemwona majini pale kapita mikononi mwa benchi hili. Muulize yeyote.

Mgeni aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu akakunja uso, taratibu, si kwa ubaya hata kidogo. Yalikuwa maswali ya mtu asiyejua, basi.

— Sasa hawa wawili, ilikuwaje hamkuwafundisha?

Profesa alishika miwani, hakuivaa. Magoti alitazama baharini. Nikamsubiri Redio, sote tukamsubiri Redio, na Redio akafungua mdomo, akaufunga.

Bi Verna aliinama akatoka nusu mwili dirishani, viwiko juu ya mbao.

— Mjibuni mgeni, alisema.