Mzee Gundi, Fundi wa Madirisha ya Boti

Ndugu, majirani na mafundi wenzake mliofika, mimi ni binti yake wa kwanza. Nawasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Gundi. Sehemu moja ya maelezo haya aliiomba mwenyewe isomwe, akaniambia nisiruke hata mstari.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kamba. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Aliyemfuata alikuwa mdogo wake wa kiume, na wawili hao walilala kitanda kimoja mpaka miguu ikaanza kutokeza nje.

Alisoma hadi darasa la nane, akaacha mwaka 1966 baba yao alipougua. Katika ripoti yake ya mwisho mwalimu wa hesabu aliandika: "Hesabu hajui, ila mkono wake unajua kupima." Ripoti hiyo aliitunza hadi kufa kwake.

Mwaka 1967 alianza kazi kwa fundi vioo, na miaka mitatu baadaye akaingia karakana ya boti. Huko ndiko alikojifunza kuziba upya madirisha ya boti za matanga zilizozeeka. Alikuwa akifungua skrubu moja moja, anatoa fremu, anakwangua gundi kuukuu mpaka mbao inaonekana, anasafisha kwa spiriti, kisha anapaka gundi mpya. Hakukaza skrubu zote siku moja. "Ukikaza sana, gundi yote inatoka nje, unabaki na chuma na kioo vinavyochukiana," alikuwa akisema. Mwisho madirisha yalimwagiwa maji kwa mpira kutoka nje, huku yeye amekaa ndani na tochi, akitafuta tone.

Alimuoa mama yetu, fundi cherehani, tarehe 11 Desemba 1976. Walikutana alipompelekea ovaroli iliyokakamaa kwa gundi ashone. Mama aliipokea, akaigonga kwa kucha, akamuuliza, "Hii nishone au nipige misumari?" Kwenye picha ya harusi kidole gumba cha baba ni cheupe kwa gundi. Alikisugua asubuhi nzima, kikagoma.

Sasa nasoma aliyotaka yasomwe.

Mwezi wa Julai 1988 alipewa boti ya matanga ya miaka arobaini, yenye madirisha sita yaliyokuwa yakivuja yote. Mtunza boti hiyo alikuwa mdogo wake. Marehemu aliyaziba kwa wiki tatu, na yalipojaribiwa kwa mpira, halikuingia hata tone. Mdogo wake alicheka: "Kaka, umeziba mpaka upepo. Huko ndani tutapumua nini?"

Tarehe 19 Agosti boti ilipelekwa bandari nyingine na watu wawili, mdogo wake na baharia mwenzake. Dhoruba ikaivunja mlingoti na kuilaza ubavu. Mwenzake alikuwa juu, akasombwa majini na kuokolewa kesho yake. Mdogo wake alikuwa chini, na mlingoti ulikuwa umeangukia mlango. Boti haikuzama. Ilivutwa hadi karakana ileile siku ya sita, mdogo wake akiwa ndani, amekufa kwa kukosa hewa.

Mkaguzi alimshika baba bega akamwambia, "Fundi, pole sana. Lakini kazi yako haina dosari. Madirisha yote yameshika."

Alisema kwa nia njema. Baba aliingia ndani peke yake. Kwenye dirisha la kushoto gundi ilikuwa imekatwa kwa kisu kutoka ndani, urefu wa kiganja. Skrubu za madirisha yale zilifunguka kwa nje tu.

Hakumwambia mtu. Mwezi huohuo aliondoa makomeo yote ya milango ya nyumba yetu, hata la bafuni. Tulikua tukioga huku tunaimba, ili mtu asiingie. Tuliona ni vituko vya mzee. Na tangu mwaka huo hakuziba boti yoyote bila kuweka dirisha moja linalosukumwa kutoka ndani. Wenye boti waliokataa aliwarudishia ufunguo.

Mwezi wa Februari mwaka huu wa 2023 alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu uliomtesa miaka minne. Hospitalini alimwomba muuguzi amfungulie dirisha. "Haya hayafunguki, mzee," aliambiwa. Akaomba arudishwe nyumbani siku hiyohiyo.

Mwezi wa Mei alimwita shemeji yake, mjane wa mdogo wake. Nilikuwepo. Alimweleza yote, sauti ikikatikakatika, na kila alipoishiwa pumzi shemeji yake alimsubiri. Alipomaliza, yule mama alimfuta jasho usoni.

"Shemeji," akasema, "kisu chake walinirudishia. Kilikuwa kimeganda gundi nyeupe. Nilijua tangu siku ile."

"Miaka yote hii? Mbona hukusema?"

"Ningekuambiaje? Nilikuwa nakuona unavyokonda."

Baba alifunika uso kwa mikono. Yule mama alivuta kiti karibu na kitanda, akakaa hapo mpaka chai ikapoa. Kuanzia siku hiyo alikuja kila asubuhi.

Baba yetu alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, mama yetu akiwa kichwani pake na shemeji yake miguuni.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na shemeji yake pamoja na binti wa shemeji huyo, ambaye marehemu alimsomesha kama wa kwake.

Baba, pumua sasa. Pumzika kwa amani.