Namba Bila Maneno: Risala ya Wanaume wa Sauna ya Jumatano, Haukilampi

Mgeni rasmi, Bibi Henriikka Vallgren, Mkurugenzi wa Huduma za Afya wa eneo letu; Daktari Mkuu uliyefuatana naye; kamati ya ukumbi; kina mama mliooka mikate ya iliki; na wenzetu wote mliovua viatu mlangoni:

KUKUKARIBISHA

Sisi Wanaume wa Sauna ya Jumatano tunakuamkia na kukukaribisha Haukilampi. Tunajua barabara ni mbovu. Tumefurahi umeipita mwenyewe, maana ofisi yako tumeiandikia habari zake tangu theluji ya mwaka juzi. Tunashukuru pia kwa mashine ya kujiandikisha wagonjwa utakayoizindua leo pale kituoni. Tumeijaribu. Inasalimia vizuri kuliko baadhi ya watu.

Risala hii nimeiandika mimi, Taisto Pölkki, mstaafu wa kiwanda cha mbao, mgane. Shule niliishia darasa la sita. Nimechaguliwa kwa sababu sauti yangu ilizoea kushindana na misumeno. Palipo na ukali ni pangu, palipo na adabu ni pa wenzangu walionisahihisha.

TULIKOTOKA

Tulianza wanaume wanne, wote wagonjwa wa saratani ya tezi dume. Sasa tumejaza mabenchi yote matatu. Wengine tulipasuliwa tezi ikatolewa nzima, wengine tezi iliachwa mahali pake ikachomwa kwa mionzi. Kila Jumatano tunawasha sauna ya kando ya ziwa, kile chumba cha mawe ya moto yanayomwagiwa maji yatoe mvuke. Mle ndani hakuna mwenye cheo wala mwenye suruali, kwa hiyo yale ambayo mwanamume wa huku hayasemi mezani, huyasema kwenye mvuke: nani anavuja mkojo, nani amepoa kitandani, nani anatokwa jasho kwa zile sindano za kuzima homoni. Oiva Rämänen alipokuwa kwenye sindano hizo, mwenzetu Kauko alimwambia, "Wewe mzee tusikununulie kuni tena. Kaa tu hapo kwenye mawe, utatuchemshia maji."

Wakati huo tulikuwa na saa ya muuguzi, yaani muda wake wa kutupigia simu. Damu ikipimwa ile PSA, yaani ile protini inayotoka kwenye tezi, Muuguzi Tuulikki alikuwa anapiga simu nyumbani: "Namba yako ni hii, maana yake ni hii, nenda kalale." Waliokuwa wanamsikiliza ni wake zetu, sisi tukijifanya tunasoma gazeti. Mke wangu Sisko alikuwa anaongeza sauti ya simu makusudi ili gazeti langu lisikie.

Kisha ofisi yako ikaifuta saa ile. Tuliambiwa majibu sasa yanakuja moja kwa moja kwenye simu, kwa haraka zaidi. Ni kweli, yanakuja haraka. Sisko naye alifariki mwaka juzi akiwa bado kwenye foleni ya kupimwa maumivu ya mgongo, ambayo hayakuwa ya mgongo. Wenzangu walinishauri nilifute hili. Sikulifuta.

TULIYOYAFANYA

Hatukukaa tu kunung'unika, ingawa mimi binafsi nilinung'unika pia. Basi la wagonjwa lilipoondolewa, tuliwapeleka wenzetu kwenye mionzi kwa zamu, kwa magari yetu, majira yote ya baridi. Tumejenga ngazi yenye vishikio hadi ziwani kwa waliolegea miguu. Vijana wawili wa hapa (kwetu kijana ni mtu wa miaka hamsini na tano) wamekwenda kupimwa kwa sababu tuliwatania mpaka wakaona aibu. Hakuna mwenzetu aliyekufa peke yake.

LILILOTUPATA

Mgeni rasmi, hapa tunaomba usiangalie saa.

Oiva alitibiwa kwa mionzi. Kabla ya matibabu PSA yake ilikuwa kumi na nne. Baadaye ikashuka, ikashuka, mpaka sifuri nukta tano. Mwaka na nusu baada ya mionzi, Ijumaa jioni, simu yake ikalia. Moja nukta nne. Pembeni mshale mwekundu unaotazama juu. Neno hata moja hakuna. Kituo kimefungwa mpaka Jumatatu, na Jumatatu ile foleni ya simu ikamwambia atapigiwa. Hakupigiwa.

Basi Jumatano akaja kutuuliza sisi. Nani mwingine? Desturi yetu ni kwamba aliye benchi la juu ndiye anayesema kwanza, na benchi la juu alikuwepo Kauko, ambaye alipasuliwa.

"Mimi yangu haionekani hata kwa darubini," Kauko akasema. "Sifuri, na nyuma ya sifuri sifuri nyingine. Ya kwako ni ngapi?"

"Moja nukta nne. Ilikuwa nukta tano."

"Basi imerudi hiyo, ndugu yangu. Mwaga maji."

Oiva akamwaga maji juu ya mawe. Mvuke ulipotulia, mmoja akauliza, kwa mzaha jamani, kwa mzaha kabisa, "Sasa Halla utamwachia nani?"

Halla ni mbwa wake wa kuwindia paa wakubwa wa misituni. Hapa mtu hutoa gari lake, hutoa hata shamba, lakini mbwa wa kuwinda hutolewa na mtu ambaye hatarajii kuuona msimu mwingine wa kuwinda. Kesho yake Oiva alimpakia Halla, akampeleka kwa mpwa wake kule mpakani. Viazi hakupanda. Miadi ya kutolewa mtoto wa jicho aliifuta. Tulipomuuliza alijibu, "Macho ya kutazamia nini?"

Miezi miwili baadaye ndipo alipopata daktari. Maelezo yalichukua dakika chache tu, Oiva akatuletea kama alivyopewa. Aliyetolewa tezi hana kinachobaki cha kutengeneza PSA, kwa hiyo namba yake inatakiwa kuwa karibu na sifuri. Aliyechomwa kwa mionzi bado anayo tezi. Chembe zake zinakufa polepole, na namba hushuka kwa mwaka, miwili, hata zaidi, na si lazima ifike sifuri. Sindano zikishakoma homoni hurudi, namba nayo inaweza kuinuka kidogo. Tena wapo ambao namba huruka kwa muda, kisha hushuka yenyewe bila dawa. Daktari huanza kushuku kwamba ugonjwa umerudi namba ikipanda mbili nzima juu ya pale iliposhuka chini kabisa. Kwa Oiva hiyo ni mbili na nusu. Hata hapo kwanza huchunguza, hahukumu. Na namba moja peke yake haisemi kitu, inatazamwa pamoja na zilizotangulia na zitakazofuata. "Huwezi kujua mtu anakokwenda kwa kuona unyayo mmoja," ndivyo daktari alivyosema. Akaagiza damu ipimwe tena.

Tulimlinganisha mtu na watu wasiofanana naye. Kosa hilo tulilifanya sisi, benchi zima, hatulikani. Lakini tunauliza waziwazi: aliyetuachia kazi ya daktari tukaifanye uchi kwenye mvuke ni nani? Dakika chache za simu Ijumaa ile, na Halla angekuwa nyumbani.

MAOMBI YETU

Tunaomba saa ya muuguzi irudi. Tukiambiwa haiwezekani, basi namba isitumwe bila maneno, na Ijumaa jioni isitumwe kabisa. Kwa aliyechomwa mionzi iandikwe kwamba alichomwa mionzi, na namba yake ya chini kabisa iwekwe pale pale, ili asiazime kipimo cha jirani. Tena mtu aulizwe kama anataka kujua kwa simu au kwa mdomo wa mtu.

Ombi jingine ni la leo hii. Damu ya Oiva ilipimwa tena wiki hii na jibu limefika. Limo kwenye simu yake, mfukoni, na hajalifungua. Tulimwambia tulifungue pamoja kwenye sauna. Alisema, "Pamoja na nyie? Nyie si ndio mlionizika?" Kauko akamwomba radhi mbele yetu wote, na kwa Kauko hilo si dogo, lakini Oiva amekataa. Hafungui mpaka awepo mtu wa kumwambia maana yake saa ile ile.

Daktari Mkuu, wewe umo humu ukumbini. Oiva ndiye yule wa sweta la kijivu karibu na jiko. Kabla ya kahawa, kabla ya mashine, tunakuomba ukae naye kwenye meza ya dirishani mlisome jibu hilo, liwe la juu au la chini. Mgeni rasmi, wewe tunakuomba uketi karibu usikilize, uone inachukua dakika ngapi.

Sisi tutatoka nje, na hatutasema lolote.

Mungu awalinde katika barabara ile, na awape wagonjwa wa eneo hili watu wa kusema nao.

Ni sisi,
Wanaume wa Sauna ya Jumatano, Haukilampi