Nyundo ya Bwana Harusi

Asubuhi ile benchi la Haruna muuza kahawa, pale Ujiji kwenye njia ya kuteremkia ziwani, lilijaa mapema, maana watu walikuwa na kazi ya kufanya. Juzi yake Bariki, kijana seremala wa banda la ng'ambo ya barabara, mwimbaji wa kwaya, mtoto anayesifiwa mtaa mzima kwa adabu, alivuka barabara na nyundo mkononi akamvunja Samson taya hapo hapo benchini. Samson yuko hospitali, anakunywa uji kwa mrija. Bariki yuko mahabusu. Basi benchi, ambalo halijawahi kushindwa na swali lolote kuanzia bei ya mafuta hadi kiama, lilikaa kitako kutafuta chanzo: inakuwaje kijana mzuri, hana bangi, hana pombe, anaamka tu na kuvunja watu?

Aliyelitaka jibu kuliko wote ni Hamdani, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Alilitaka, tena alilitaka liwe mbali na yeye. Maana mchumba wa Bariki alipomwacha siku chache kabla ya ndoa akavuka ziwa na mfanyabiashara wa Uvira, ni Hamdani aliyempa kijana jina la Bwana Harusi. Jina likakolea. Kila Bariki akifungua banda, benchi zima linamwuliza: Bwana Harusi, pilau lini? Samson naye alikuwa anauliza hilo hilo juzi, kikombe mkononi. Polisi walikuwa bado hawajauliza jina lilitoka kwa nani, lakini Hamdani usingizi ulishamhama.

— Ni simu hizi, alianza Erasto, ambaye ni Wakili tangu alipokwenda mahakamani kuwa shahidi wa kesi ya mbuzi. Wanashinda humo wanaangalia watu wakipigana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Aliyevunjika ni Samson, tena taya, alisema Haruna akimimina kahawa.

— Methali haichagui mfupa.

Hamdani aliiunga mkono simu kwa nguvu zake zote, mpaka Haruna akawakumbusha kwamba simu ya Bariki ni kitochi, hata picha haina. Simu ikaachwa kwa masikitiko.

Ikawa zamu ya Mzee Amosi, Daktari, ambaye anauza vyandarua sokoni Mwanga na kwa hiyo anaijua malaria pamoja na maradhi mengine yote. Yeye alisema ni dagaa. Zamani dagaa walianikwa chini, mtu akala dagaa na mchanga wake. Siku hizi wanaanikwa juu ya chanja, wasafi, hawana hata chembe.

— Mchanga ni uzito, alisema. Unatuliza tumbo, na tumbo likitulia mkono unatulia. Haba na haba hujaza kibaba. Hawa vijana ndani ni watupu, upepo kidogo tu umewabeba.

— Ego, ndiyo hasa, Daktari, sema hapo hapo, alisema Hamdani, na moyo wake ukapata nafuu. Dagaa walikuwa mbali sana na yeye.

Kutoka hapo mjadala ukakata breki. Erasto akaleta habari ya maji: ziwa lilipopanda likameza nyumba za ufukweni, wale wasioonekana waliokuwa wakikaa chini ya maji wakahamia kwa watu, na banda la kina Bariki liko bondeni. Hamdani akaongeza kwamba kahawa nzuri ya Kalinzi yote inakwenda Ulaya, vijana wanaachiwa soda za rangi zinazochemsha damu. Haruna akauliza, hii anayowamiminia ni nini basi. Akaambiwa asivuruge upelelezi. Hospitali kwa Samson alikuwa hajakwenda hata mmoja, kwa sababu ya mjadala.

— Au ni lile jina? Haruna alisema polepole.

Benchi likamgeukia kana kwamba amemwaga kahawa. Erasto akakohoa kiwakili. Utani, alisema, si kosa. Muha ana watani wake, Mmanyema ana watani wake, baba zetu walitaniana mpaka makaburini na hakuna aliyeshika nyundo. Halafu Bariki mwenyewe si alikuwa anacheka?

— Alikuwa anacheka sana, Hamdani alidakia. Kijana wa watu, hajui kununa. Ndiyo maana mimi nabaki kwenye dagaa.

Wakati huo alifika mwanamke mmoja, khanga yake imejaa vumbi la safari. Akawaamkia wote kwa heshima, wakaitikia. Akasema yeye ni Devota, dada yake Bariki, ametoka Ilagala alfajiri na sasa anatokea mahabusu.

— Namuuliza kilichotokea, anacheka tu. Nikasema nije kwenu, mnaokaa naye.

Wakampisha akae. Wakammwagia sifa za ndugu yake, kila mmoja za kwake, na Erasto akamhakikishia kwamba hapa hapakuwa na ugomvi hata chembe. Bariki ni mtani wao. Walikuwa wakimtania kila siku ya Mungu.

— Na yeye alikuwa anawatania nini?

Erasto alimwomba Haruna kahawa nyingine. Amosi akaangalia ndani ya kikombe. Hamdani alitafuta kichwani kwa bidii ya kweli, maana kwake mwenyewe vya kutania vipo tele: upara, miguu ya matege, na mke wa pili aliyerudi kwao ndoa haijamaliza mwezi, jambo linalojulikana Ujiji nzima. Bariki alilijua. Hamdani akaona aibu ikimpanda mpaka masikioni, kwa kuwa hakukumbuka hata siku moja ambayo kijana yule alilitaja.

Devota bado alikuwa anasubiri, anawaangalia mmoja mmoja.

— Alikuwa anatuamkia, alisema Hamdani mwishowe. Shikamoo. Basi.