Nilivyoyatembeza Maji Bwawani

Assalaamu alaykum, wenzangu wa kikundi. Kiti nimekiona, ahsanteni, lakini sikai. Mtu wa goti bovu akishakaa, kuinuka kazi. Goti lenyewe nililitegua nikimkimbiza mbuzi, tena si mbuzi wangu... haya, ya mbuzi tuyaache.

Mnajua mwani wetu wa hapa Tumbe ulivyokufa, bahari ilipokuwa moto kama chai. Wenye mashua wakauhamishia wao kina kirefu, kwenye maji ya baridi. Mie kuogelea sijui. N'kachukua mbegu iliyobaki, haijai hata pakacha, n'kaipanda kwenye bwawa la chumvi lililoachwa nyuma ya mikoko. Shemegi yangu akacheka: "We bibi, sasa wafuga mwani kama bata?" N'kamwambia, "Bata wako hata yai hatagi!"

Ndugu zangu, nawaambia, wakati wa bamvua, bahari ikijaa sana, maji yaliingia na kutoka, mwani ukanenepa. Yakaja maji mafu, ya kujaa kidogo, bahari haifiki tena kwenye mlango wa bwawa. Maji yakasimama, jua likayachemsha, mwani ukaanza kupauka ncha. Ukishapauka, unaoza. Na mbegu nyingine sina.

N'kajifunga kanga, n'kaingia. Nazunguka bwawa, naburura miguu, maji yasogee. Watu wakajaa kwenye ukuta wa bwawa: "Bibi kapandwa na shetani!" Shemegi akaniletea mganga, wallahi, na kifuko chake. N'kamwambia, "Vua viatu uingie, au nenda zako." Akenda zake.

Kesho yake miguu ikagoma. Nimeshika kigingi, nalia, lakini kutoka sitoki. Mara nasikia vicheko nyuma yangu. Wanawake, na mashuka yao ya kutandia dagaa, yale tunayoyakokota majini kama wavu!

"Sogea, bibi," akasema mmoja. "Kutanda umetufunza wewe. Leo twatanda maji matupu."

Wakashika mashuka huku na huku, wakazunguka pamoja. Maji yakageuka, ya chini yakaja juu. Tukafanya hivyo mpaka bamvua likarudi. Kisha tukatoboa ukuta mlango wa pili, maji yaingie huku, yatokee kule.

Mliokuja na mashuka mmo humu. Siwataji, mtavimba vichwa, Mungu awalipe. Na mliosimama ukutani pia mmo, nawaona.

Mkiambiwa, "Mmezeeka, tulieni," msitulie. Nimeona kinachoyapata maji yakitulia.

Mbegu ninayo, tele. Anayetaka aje. Ila aingie majini achukue mwenyewe. Mie simletei mtu ukutani.